Udongo wa Ngana Nyuma ya Jiko Letu

Watu wa kwetu Ikolo wakimwelekeza mgeni nyumbani kwangu humwambia, "Nenda tu, yupo." Hawajisumbui kupiga simu kwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani, na silisemi hilo kwa kujisifu wala kwa kuona haya. Ni kama mtu kusema ana miguu mifupi. Mke nilikuwa naye, akahamia Mbeya kufanya biashara ya mchele, akaniambia nimfuate. Nikamwambia najiandaa. Bado najiandaa. Tumebaki wawili, mimi na mama, na mama huwaambia wenzake kanisani kwamba watoto wa watu wamefika Dar es Salaam, wa kwake amefika hadi kwenye migomba akarudi.

Habari hii yenyewe iko kwenye migomba hiyo, kwa hiyo sitakupeleka mbali.

Kila kinachofagiwa uani kwetu huishia pale nyuma ya jiko: majivu, maganda ya kakao, maji ya vyombo, mavi ya kuku, udongo uliodondoka kwenye viatu vya wageni. Nilifundishwa hivyo kabla sijafundishwa kuhesabu. Ufagio unaanzia mlangoni, unazunguka jiko, unamalizia kwenye migomba. Mtu akitupa taka mahali pengine anaulizwa kama anaumwa. Na chini ya migomba, kwenye kivuli chepesi, palikuwa na matuta manne ya tangawizi ya mama.

Matuta manne si shamba. Lakini tangawizi ile haikuwa hii unayoiona sokoni, nene kama mguu wa mtoto na ladha ya maji. Ilikuwa ndogo, vidole vyembamba, nyuzi tele, kali kiasi kwamba mgeni akinywa chai kwetu hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea na alichokuwa anasema. Bibi, mama yake mama, aliifunga kwenye pindo la kanga siku mama anaolewa kutoka Ngana kuja huku chini. Nyingine akamwachia binti yake mdogo aliyebaki kule kule, yaani mama mdogo wangu. Bibi amekwisha kufariki, nyumba yake ya udongo ilianguka, picha yake hatuna hata moja. Kilichobaki cha bibi ni tangawizi, sehemu mbili: matuta ya mama na shamba la mama mdogo.

Miaka michache iliyopita la mama mdogo likaanza kuwa manjano.

Rangi hiyo ilianza kwenye ncha za majani ya chini, ikapanda. Ukishika shina na kulivuta kidogo tu linakuja lenyewe, kama jino la mtoto, na chini yake kuna uji. Harufu yake sitaieleza, huenda mtu anasoma huku anakula. Mama mdogo alidhani ni jua, kisha akadhani ni jirani. Mwaka wa pili akabakiwa na mashina ya kuhesabu. Ndipo akaja mtaalamu.

Alikuwa dada wa makamo kidogo, mpole, anayevaa mabuti ya mvua hata siku ya jua, ametumwa na kituo cha utafiti kutafuta kinachoozesha viungo huku kwetu. Alihitaji mtu wa kuchunga vyungu vya udongo kila asubuhi kwa miezi kadhaa bila kukosa siku. Afisa wa kata akamwambia yupo mmoja Ikolo, amemaliza kidato cha nne, biolojia alipata alama ya kupita, na kuhusu kutokukosa nyumbani hana mpinzani wilaya nzima. Ndiyo kazi pekee maishani niliyopewa kwa sababu ya tabia yangu.

Ila kwanza ilibidi niende Ngana kuchukua udongo, na hapo nusura niikatae.

Mama mdogo aliponiona nashuka kwenye bodaboda aliweka mkono juu ya macho kama anayetazama ndege.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Hakuna aliyefariki, mama. Mugonile?"

"Sijalala vibaya. Kama hakuna msiba, wewe umetokaje nyumbani?"

Mtaalamu alicheka hadi akainama. Tukaingia shambani. Alikata kipande cha shina linalokufa, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, akaishika juu dhidi ya mwanga. Alitueleza kwamba kama ni bakteria, tutaona kitu kama uzi wa maziwa kinashuka kutoka kwenye shina. Tukatazama wote watatu, vichwa vimegusana. Maji yalibaki maji.

"Hata mimi mwenyewe sijanywa kitu tangu asubuhi," mama mdogo akasema, "mnamnywesha mgonjwa ambaye hana hata mdomo."

Kwa hiyo haikuwa bakteria. Mtaalamu alisema huenda ni kimelea cha udongoni, aina inayopenda maji, ambayo mbegu zake ndogo ndogo huogelea. Aliposema huogelea, mama mdogo alimwangalia kwa heshima mpya. Sisi tunakaa kwenye nchi ya mvua na mafuriko. Tunawaheshimu wanaojua kuogelea. Akauliza dawa. Mtaalamu akasema ukweli, na nampenda kwa hilo ingawa haukusaidia: dawa ya kuuondoa ugonjwa kwenye udongo ule hakuna. Shamba lile aliache miaka mingi, apande mahindi au chochote kisicho tangawizi. Ila akipata mbegu safi na akaipanda mahali ambapo tangawizi haijawahi kuoteshwa, hapo kuna matumaini.

Mahali alikuwa napo. Upande wa juu, kipande kipya kilicholimwa mara moja tu. Na mbegu safi aliijua iliko.

"Mwambie dada yangu," akaniambia wakati nafunga mifuko ya udongo, "aniwekee. Msimu wa kupanda nitakuja na kikapu. Asiniwekee nyingi. Ya kuanzia tu."

"Nitamwambia."

"Na wewe uzilinde. Si unakaa tu?"

Nikasema nitazilinda. Nakumbuka nilisema nimesimama, mfuko wa udongo wake umening'inia mkononi.

Mtaalamu aliosha mabuti yake kwa maji ya dawa kabla hatujatoka, akanipa brashi nisugue ya kwangu hadi kwenye mikunjo ya soli. Nilisugua kama napelekwa kwa daktari. Sikuwa mjinga, nataka hilo lijulikane. Kila nilichoharibu baadaye nilikuwa nakijua.

Vyungu nilivinunua kwa akina mama wa ufukweni, wale wanaofinyanga. Mtaalamu alitaka chungu kwa sababu kinatunza ubaridi wa maji. Muuzaji aliniuliza nataka cha kupikia nini, maharage au mboga. Nikamwambia udongo. Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, akanipunguzia bei bila mimi kuomba, kama unavyomfanyia mtu aliyepatwa na jambo.

Kazi yenyewe nilifundishwa kwa siku mbili. Unaweka udongo kidogo kwenye chungu, unamwagia maji yaliyochemshwa na kupoa, yaufunike kwa kimo cha vidole viwili. Juu yake unaweka chambo kielee: vipande vyembamba vya tango na majani ya nyasi yaliyotiwa maji ya moto. Kisha unaacha. Kimelea kilicholala kwenye udongo kinasikia chakula, kinaogelea kwenda juu, kinashika kwenye chambo. Siku ya pili au ya tatu pembe ya tango inakuwa kama kioo, na ukiielekeza kwenye mwanga unaona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko za buibui. Hapo unachukua sindano iliyopitishwa motoni, unamega kipande kidogo, unakiweka kwenye sahani ya plastiki yenye jeli ya mchuzi wa viazi, unafunika, unasubiri.

Ni uvuvi. Tofauti ni kwamba mvuvi wa Ziwa Nyasa anavua anachotaka kukila, mimi nilikuwa navua kilichokwisha kula chakula chetu.

Sahani za kwanza zote ziliota vitu vingine. Ukungu wa kijani, ukungu mweusi wa mkate, na moja iliota sisimizi. Nilimpigia mtaalamu.

"Kaka," akaniuliza, "unapumua juu ya sahani?"

"Nisipumue?"

"Pumua, lakini geuka pembeni. Na moshi wa jiko unakufikia?"

"Dada, hapa kwetu moshi wa jiko unafika hadi kwenye Biblia."

Nikaomba kabati la vyombo la mama, nikalilaza, nikalipangusa kwa spiriti, nikafanya kazi mikono imeingia ndani na uso umegeukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama alikaa mlangoni akimenya ndizi, akinitazama. Vyombo vyake vilikuwa kwenye karai sakafuni.

"Miaka yote nilikuwa nasubiri ufanye kazi," akasema. "Kumbe Kyala huko mbinguni ananisikia. Ila mimi sikufafanua."

Hatimaye nikakipata. Sahani moja safi, ndani yake kitu cheupe, laini, kinatanda kwa mduara kutoka katikati kama pamba inayopumua, bila mwenzake hata mmoja. Nilikaa nacho mezani asubuhi nzima. Sijui kama nitaeleweka, lakini nilikipenda. Katika maisha yangu nimeanzisha mambo mengi na hilo ndilo pekee nililolifikisha mwisho. Nikakihamishia kwenye sahani nyingine, nikakiandikia jina la kijiji kwa mwandiko wangu mzuri.

Mtaalamu alifurahi, ila akasema kukikuta kwenye eneo la msiba si ushahidi kwamba ndicho kilichoua. Inabidi kiwekwe kwenye tangawizi nzima, isiyo na ugonjwa, kionekane kikiua, kisha kivuliwe tena kutoka kwenye maiti. Tangawizi nzima isiyo na ugonjwa ilikuwa ya mama. Msimu huo alikwisha kupanda, lakini alikuwa na akiba kidogo kwenye kikapu juu ya jiko. Nikaenda kuomba vidole sita.

"Vya nini?"

"Vitatu nitavipa ugonjwa. Vitatu nitaviacha."

"Utaviua."

"Ndiyo, mama."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Alichagua kwa muda mrefu, akigeuza kimoja kimoja. Nilidhani atanipa vibovu. Alinipa vizuri.

"Mama yangu alitembea nazo kwenye pindo," akasema. "Haya. Ndiyo elimu."

Vitatu vilikufa na vitatu vikasimama, kama kitabu kinavyotaka. Nikakivua tena kutoka kwenye vilivyokufa, kikatoka kile kile, cheupe, mduara ule ule. Mtaalamu alikuja na gari, akachukua sahani zake kwenye boksi la barafu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Akarudia agizo alilokuwa amelitoa tangu mwanzo: udongo wote uliobaki, pamoja na maji yake, nichemshe saa nzima, kisha nitupe chooni. Si mahali pengine popote. Nikasema nimeelewa.

Nilichemsha. Tafadhali liwekwe kwenye kumbukumbu. Nilichemsha vyungu sita, kimoja baada ya kingine, kwenye mafiga ya uani, na mama akihesabu kuni zinavyokwisha. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kufika barabarani, alipita akachungulia sufuria.

"Ndugu yangu, wenye mimba huula mbichi," akasema. "Wewe wa kwako unaupika?"

"Nimeshauriwa na daktari."

"Hongera. Umefikisha miezi mingapi?"

Vikabaki vyungu viwili. Hivyo ndivyo vilivyokuwa na udongo wa kwanza kabisa, ule nilioutoa Ngana kwa mkono wangu.

Aprili huku kwetu mvua hainyeshi, inahamia. Kuni zilikuwa zimelowa, ukizisogeza motoni zinalia. Mama alikuwa amekwenda msibani Talatala, angelala huko. Vyungu viwili vilikuwa barazani, vimetulia, maji yamesafika juu, udongo umelala chini, chambo kimekwisha kuoza zamani. Vilianza kunuka kidogo. Nikasema nivimalize leo. Nikajaribu moto, ukakataa. Nikasema basi, nitavitupa chooni hivyo hivyo, choo ni shimo refu. Choo chetu kiko ng'ambo ya mikakao, na katikati pana kinamasi msimu ule. Nikasimama barazani na chungu kifuani natazama mvua.

Sasa kilichofuata nimejaribu mara nyingi kukikumbuka kama uamuzi, nikashindwa. Hakikuwa uamuzi. Nilizunguka jiko nikikimbia ili nisilowe, kama nilivyozunguka tangu nina miaka minne na karai la maji ya vyombo, na mikono ikafanya kile ambacho mikono ya nyumba yetu hufanya na kitu chochote kilichochakaa. Nikamwaga kwenye migomba. Nilimwaga vizuri hata, kwa kuzungusha, ili kila shina lipate. Nikarudi, nikachukua cha pili, nikakimwaga, na kilipofika nusu ndipo nikasikia.

Hakuna aliyesema. Ni mimi niliyejisikia nikisema, "Udongo wa Ngana."

Nilisimama na nusu chungu kwenye mvua. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye migomba kwenda kwenye matuta, njia fupi, kama hatua nne. Tangawizi ya mama ilikuwa imesimama kijani kibichi, inametameta. Nilijiambia mvua itausafisha. Halafu nikakumbuka nilichofundishwa: kile kitu huogelea. Nilikuwa nimekiandalia ziwa.

Kile kilichobaki nilikipeleka chooni kwa kupita kwenye kinamasi, maji magotini. Ukiniuliza kwa nini, nitasema nilikuwa nafuata agizo.

Nilipaswa kumwambia mama alipotoka msibani. Badala yake nilimpikia chai. Nikawa kila asubuhi nakwenda kutazama matuta kabla yeye hajaamka, na yeye akadhani nimeipenda tangawizi, akafurahi. Ilipita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaanza kuamini kwamba mimi ni mtu mwenye bahati, jambo ambalo halina ushahidi wowote uliotangulia.

Wiki ya tano mama aliniita kutoka nyuma ya jiko. Hakuita kwa nguvu.

Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la kwanza, lile la upande wa migomba, ameshika jani la chini. Ncha yake ilikuwa na rangi ya manjano, upana wa ukucha.

"Wewe ndiye umesoma," akasema. "Hii ni nini?"

Nilikwenda ndani kuleta glasi ya maji. Sikuihitaji. Nilikata shina, nikalitumbukiza, tukatazama wote wawili. Maji yalibaki maji.

"Hakuna maziwa," mama akasema. Nilikuwa nimemsimulia habari ya maziwa. "Kwa hiyo ni ule wa Ngana."

"Ndiyo."

"Umefikaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, hadi kuzungusha. Aliendelea kulishika lile jani.

"Nilidhani umeupika wote," akasema.

"Kuni zililowa."

"Mimi nisingekunyima kuni."

Kama angenipiga kwa mwiko ningemshukuru. Aliingia ndani akaanza kutwanga.

Tulipambana kwa namna ya watu wanaojua. Nilichimba mfereji kati ya migomba na matuta, ukajaa maji. Tukang'oa mashina yote ya tuta la kwanza, safari hii nikayachemsha saa nzima bila kuhurumia kuni. Mama akamwaga majivu. Mtaalamu alisema kwenye simu kwamba amesikitika sana, na kwamba majivu hayadhuru. Nikamuuliza yanasaidia? Akarudia kwamba hayadhuru. Tuta la pili lilikwenda Juni. La tatu lilikufa upande mmoja, likasimama upande wa pili, likatupa moyo, kisha likaanguka lote kwa wiki moja. La nne, la mbali kabisa, lilikauka kama linavyokauka kila mwaka likikomaa, na tulipolichimba lilikuwa na vidole vizima. Kikapu robo.

Mama alivipanga juu ya mkeka kama mtu anayepanga watoto kwa urefu. Vilikuwa safi kwa macho. Mtaalamu alipoambiwa alisema mbegu iliyotoka kwenye udongo wenye ugonjwa si mbegu ya kumpa mtu. Akasema tujaribu kuitumbukiza kwenye maji ya moto, akaeleza moto kiasi gani, na kwamba hawezi kutuahidi kitu. Tukaitumbukiza. Nilikaa na kipimajoto alichokuwa ameniachia, mama ameshika saa yake ya kanisani. Tukakausha kivulini, tukaweka kwenye kikapu juu ya jiko kwenye mchanga mkavu.

Huo ndio muda ambao nilipaswa kwenda Ngana kumwambia mama mdogo asitegemee. Mama alisema habari kama hii haisemwi kwa simu. Ile ni tangawizi ya mama yao. "Nenda wewe," akaniambia, "wewe ndiye ulimwahidi." Nikasema nitakwenda Jumamosi. Jumamosi ikaja na mafua. Nyingine ikaja na mavuno ya mpunga. Unanijua.

Katikati ya hayo mtaalamu akaomba, kwa upole, nimvulie kimelea kutoka kwenye matuta yetu, alinganishe. Nilichukua udongo, nikachukua chungu kile kile, nikaweka tango lielee. Mama ndiye aliyelikata lile tango, bila kuombwa. Kikatoka siku ya pili, mara ya kwanza, hakuna ukungu wa kijani, hakuna sisimizi. Cheupe tupu. Mtaalamu aliniandikia kwamba katika zote nilizompelekea ile ndiyo sahani safi kuliko zote, na kwamba wataihifadhi kwenye jokofu la kituo, na itadumu miaka. Nikamsomea mama ule ujumbe kwa sababu aliuliza ni nani ameandika.

"Itadumu," mama akasema.

"Ndiyo."

Mwishoni mwa Oktoba nilishusha kikapu. Nilipoingiza kidole kwenye mchanga kilikutana na uji.

Mama mdogo alikuja Novemba, siku ya kawaida, mchana. Nilimwona kutoka barazani anakuja na kikapu kichwani, ametandika majani ya migomba mabichi ndani yake ili mbegu zisikauke njiani. Alikuwa anatabasamu tangu mbali. Mama alitoka jikoni, akasimama, akafuta mikono kwenye kanga muda mrefu kuliko ulivyokuwa uchafu wake.

"Ndaga, ndugu zangu," mama mdogo akasalimia, akitua kikapu. "Nimelima kule juu mara mbili. Udongo mweusi, hata chumvi ningeweza kuiotesha."

Mama aliniangalia. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akimnyima mtu mbegu. Wamekuja hata wasiomsalimia, wamepewa.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna nini?"

"Tangawizi. Zote zimekufa, na hata kilichobaki kimeoza. Ni ugonjwa wako, mama. Nimeuleta mimi, nikaumwaga hapa nyuma."

Alidhani natania. Alinisubiri nicheke, kisha akamgeukia dada yake, na usoni mwa dada yake akasoma. Akataka kwenda kuona. Nikasimama mbele yake, mimi, mtoto wa nyumba, nikamzuia mama yangu mdogo asizunguke jiko, kwa sababu alichokuwa amebakiwa nacho sasa ni kile kipande cha juu kisicho na ugonjwa, na angeubeba kwenye kandambili.

Akakaa barazani. Mama alileta chai. Ilikuwa na sukari na majani ya chai, basi. Walikunywa bila kunyamaza, wakazungumza habari za kakao, nani ameoa, nani amevunjika mguu, na vikombe vilipofika nusu mama mdogo akauliza, akitazama ndani ya kikombe:

"Kwa hiyo ile ya mama haipo tena popote?"

"Haipo," mama akasema.

Jirani zetu wamepewa mbegu ile miaka mingi, lakini huku watu hupanda, huvuna, hula. Waliijua iko kwa mama, kwa nini wahangaike kuitunza. Nilikuwa nimekwisha kuzunguka kuuliza, mimi nisiyetembea. Kila nyumba walinielekeza kwetu.

Kikapu hakiwezi kuondoka kwetu kitupu, hilo mama hakuwa tayari kulibadilisha. Akaenda kukata mkungu wa ndizi. Nikaukagua, nikapangusa tope kwenye kikonyo.

"Au ndizi nazo zina mdudu wako?" mama akaniuliza.

"Ndizi hazina."

"Basi mpishe."

Mpakani mwa uwanja niliweka beseni la maji ya dawa. Nikamwomba mama mdogo avue kandambili, nikazisugua kwa brashi ile niliyopewa Ngana, nikamwomba na miguu. Alinipa mguu mmoja, ameshika bega langu asianguke.

"Ungesubiri basi Alhamisi Kuu, wanapooshana miguu kanisani," akasema, "tuone kama unaimba pia."

Nilisafisha katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, hadi maji yakawa na rangi ya chai. Alipovaa akajitwika ndizi zake, akaniambia nisalimie, ingawa sikujua nimsalimie nani, akaenda. Majani mabichi ya kikapuni yalikuwa yamelaliwa na mkungu.

Tangu siku ile beseni halijaondoka pale. Mgeni akitoka, namwosha. Wengine wanacheka, wengine wameacha kuja. Mimi mwenyewe sivuki kwenda shambani kwa mtu, wala Ngana, wala Mbeya, maana udongo wetu hauwezi kuaminiwa miguuni mwangu. Miaka yote nilitafuta sababu ya maana ya kukaa nyumbani. Kila asubuhi mama anafagia kuanzia mlangoni, anazunguka jiko, na akifika nyuma anasimama na ufagio, kwa sababu hajui tena taka aziweke wapi.